Enoch Powell wa Meru

Baba yangu anaitwa Enoch Powell. Simtusi, wala sifanyi mzaha. Ndivyo ilivyoandikwa kwenye kitambulisho chake cha Kenya, kwenye pasipoti, na kwenye kadi ya ukaazi ambayo tangu baridi hii ianze hatoki nje bila kuipapasa mfukoni: Enoch Powell Gitonga, mzaliwa wa Meru, Desemba 1960.

Hapa Minneapolis jina hilo halimshtui mtu. Makarani wanahangaika na Gitonga, hayo mawili ya mwanzo wanayapita tu. Mimi mwenyewe nilifika miaka thelathini na mitatu bila kujua nyumbani kwetu tumebeba nini. Ni daktari mmoja Mwingereza, katika wodi ninayofanyia kazi ya unesi, aliyeona jina la Baba likiita kwenye simu yangu akaniuliza kama ni utani. Nikasema si utani, ni babangu. Akaenda kuosha mikono ambayo alikuwa ameiosha sasa hivi. Nilipotoka zamu nilisoma habari za jina hilo, nikasoma tena, na tangu siku hiyo sijalitamka jina hilo lote nikiwa nimetulia.

Kwa asiyemjua, huyo Enoch Powell mwenyewe alikuwa mbunge wa Uingereza. Mwaka 1968 alisimama Birmingham akawaambia wazungu wenzake kwamba nchi yao inaangamia kwa kuwaruhusu watu weusi na Wahindi waingie, kwamba mlango ufungwe na walio ndani wasaidiwe kurudi kwao, la sivyo damu itamwagika. Chama chake kilimwondoa kwenye safu ya uongozi. Wafanyakazi wa bandari ya London wakaandamana kumuunga mkono. Na huyohuyo, miaka michache kabla, alikuwa waziri wa afya, wakati hospitali za nchi hiyo zikiajiri manesi kutoka makoloni. Hilo la manesi linaniuma kivyake. Tukiosha vidonda vyao tunatakiwa, tukitaka kupanga nyumba ya jirani tunakuwa balaa la taifa.

Sasa mtu kama huyo aliingiaje Meru, mpaka kwenye cheti cha ubatizo cha babangu?

Aliingia kupitia Hola. Babu yangu, M'Ikiara, alifungwa katika kambi ya Hola wakati wa Hali ya Hatari. Machi 1959 askari waliwapiga mahabusu waliogoma kuchimba mfereji, na kumi na mmoja wakafa. Serikali ya kikoloni ikatoa taarifa kwamba walikufa kwa sababu ya maji waliyokunywa. Babu alitoka hai, lakini bega la kushoto lilivunjika likaunga vibaya, na hadi anakufa hakuweza kuinua mkono huo kupita kidevu. Julai mwaka huo, bunge la London lilipojadili vifo hivyo, mbunge wa chama hichohicho kilichokuwa kikitawala alisimama akasema serikali haiwezi kukwepa lawama, na kwamba Uingereza haiwezi kuwa na kipimo kimoja cha haki kwao na kingine Afrika. Mbunge huyo ndiye Enoch Powell. Babu alipoachiwa, mwalimu mmoja wa misheni alimsomea habari hiyo kwenye gazeti, naye akalia. Kwetu mtu akikutendea wema usioweza kuulipa, unaulipa kwa mtoto, unampa mtoto jina lake. Mchungaji alikubali Enoch kwa kuwa limo kwenye Biblia, akaligunia hilo la Powell, lakini Babu akasema hatoki kanisani bila yote mawili. Akatoka nayo.

Picha ya Babu iko ukutani kwangu, ghorofa ya kumi na nne, mtaa wa Cedar-Riverside. Amesimama mbele ya duka lake Meru mjini, mkono mzima kiunoni, chini ya ubao wenye jina lake uliopakwa rangi kwa haraka, rangi yenyewe ina madoa. Duka la kwanza la Mwafrika katika barabara ile, ndivyo tulivyoambiwa na ndivyo nilivyowaambia wageni wangu wote. Duka hilo lilimsomesha Baba ualimu, likanisomesha mimi unesi. Nilipokuwa mdogo nililala mchana juu ya magunia yake ya maharagwe, na mpaka leo nikisikia harufu ya gunia nasikia usingizi.

Baba alikuja kuishi nami miaka mitano iliyopita, baada ya kumzika Mama. Mama alikuwa Mtaita, ndiyo maana lugha ya nyumbani kwetu ilikuwa Kiswahili, na mpaka leo mimi na Baba tunagombana kwa Kiswahili. Mwalimu mstaafu hakai bure. Aligundua kwamba jimbo hili linawaruhusu wazee wa miaka sitini na miwili na zaidi kukaa darasani chuoni bila ada, akajiandikisha kwenye darasa la historia ya himaya ya Waingereza. Siku ya kwanza kila mtu alijitambulisha. Yeye, kwa sauti yake ya paredi ya asubuhi, akasema jina lake lote.

Darasani humo kulikuwa na mhadhiri mgeni kutoka Uingereza, Dakta Duncan, mtu wa makamo mwenye soksi nyekundu, aliyekuwa akiandika kitabu cha kumtathmini upya Enoch Powell. Baba aliniambia, huku akicheka, kwamba Dakta alidondosha kalamu. Baada ya kipindi alimfuata mpaka nje kwenye theluji bila koti, akasikiliza habari ya Hola tangu mwanzo, akaandika kila neno. Wiki iliyofuata akamnunulia chai. Wiki iliyofuata tena akamwomba asimame naye jukwaani. Haya mawili ya mwisho Baba hakunieleza. Niliyajua kwa bango.

Bango lilikuwa kwenye mlango wa jengo moja la chuo, hatua chache kutoka kituo cha treni. Picha mbili, kando kwa kando. Upande mmoja mwanasiasa, na masharubu yake na macho ya mtu anayekudai heshima. Upande wa pili babangu, anatabasamu, amevaa kofia ya sufu niliyomnunulia Roseville. Juu waliuliza, Enoch Powell, je, tulimkosea? Chini ya kofia ya Baba waliandika, Mwafrika anayebeba jina lake.

Nililibandua. Lilikuwa limebandikwa kwa utepe pande zote nne na nikavunja ukucha. Mwanafunzi mmoja alinitazama, nikamtazama na yeye, akaendelea na safari yake.

Ili mtu aelewe hasira yangu lazima ajue majira yenyewe. Baridi hii mji wetu umejaa magari yasiyo na alama na watu wa uhamiaji waliofunika nyuso, wanaowauliza wengine wametoka wapi. Mimi ni raia wa nchi hii mwaka wa saba sasa, na bado natembea na pasipoti ndani ya mfuko wa sare ya kazi. Shingoni navaa firimbi kama majirani zangu wote. Ukiwaona unapuliza, watu wanatoka nje. Maduka yaliyo chini ya jengo letu yanafunga milango kwa ufunguo saa sita mchana, mwenye duka anakuchungulia kwanza. Katika mji huo, wiki hizo, kuna watu wenye shahada waliokaa mezani wakaona swali la kuitishia mkutano ni kama tulimkosea Enoch Powell.

Na kulikuwa na Bernardine. Yeye ni msaidizi wa wauguzi katika wodi yetu, Mkongomani kutoka Uvira, aliyeletwa hapa kama mkimbizi, kwa karatasi zote, pamoja na mume wake Munyaneza na binti yao Shekinah. Wanakaa ghorofa ya chini, na watu wa nyuso zilizofunikwa walikuwa wamekwisha kugonga milango ya jengo lao mara mbili. Mwanzoni mwa mwezi alinivuta ndani ya chumba cha mashuka. "Dada, tunaweza kuja kwako siku kidogo?" akaniuliza. "Siku kidogo tu. Kwa jengo yenu kuko gardien." Alimaanisha mlinzi wa mlangoni.

Nikamwambia, "Nipe siku mbili niongee na mzee."

Sikuongea na mzee. Mahojiano ya uraia ya Baba yalikuwa yamepangwa Aprili, na kila mtu alikuwa akisema siku hizi wanaangalia mpaka unakaa nyumba moja na nani. Siku mbili zikawa tisa. Bernardine hakuniuliza tena, na wiki hiyo ya bango hakuonekana kazini. Nilikuwa na sababu zangu. Tena nilikuwa na jambo kubwa zaidi la kunikasirisha.

Nilifika nyumbani nikaliweka bango mezani, juu ya sahani yake ya githeri. Nikamuuliza hii ni nini. Akalitoa taratibu, akafuta mchuzi, akasema picha imetoka vizuri. Basi nikaanza. Nilimwambia yote niliyosoma, kwa tarehe, kama mwanafunzi anayemsomesha mwalimu: Birmingham, mlango, damu, nauli ya kuturudisha kwetu. Nilimwambia kwamba huyo Dakta hamtaki yeye, anataka jina lake na bega la Babu amsugue navyo yule mtu mpaka ang'ae. Alinisikiliza mpaka mwisho huku akitafuna.

"Haya yote nayajua, mama," akasema. Mimi nimepewa jina la mamake, kwa hiyo huniita hivyo hata akiniudhi. "Nimefundisha historia miaka thelathini."

"Unajua, na bado utasimama?"

"Siku ile alipotulilia bungeni, hakuna mwingine katika chama chake aliyelia kama yeye. Shukrani ya punda ni mateke. Babu yako hakuwa punda."

Nikasema maneno ambayo binti hapaswi kumwambia babake, likiwemo neno moja kuhusu watu wanaobeba mabwana zao hata baada ya uhuru. Akaacha kula. Kwa muda nilidhani atanifukuza katika nyumba ninayoilipia mwenyewe.

"Njoo Alhamisi," akasema. "Ukinisikia nasema upuuzi, nikatize. Nimekupa ruhusa mbele ya Mungu."

Nikasema nitakuja, na nitamkatiza.

Siku tatu hatukusemeshana. Alipika chai ya watu wawili, nikanywa yangu chumbani. Kazini nilifanya zamu yangu na nusu ya zamu ya Bernardine, nikigeuza wagonjwa wazito peke yangu, na kila mgonjwa niliyemgeuza nilimgeuza na hotuba kichwani. Nilijua nitasema nini. Nilijua hata nitasimama wapi.

Alhamisi saa nane mchana ukumbi ulijaa. Nilikaa nyuma kabisa, karibu na mlango, koti juu ya sare. Baba alikuwa mbele, amevaa suti aliyomzikia Mama. Dakta Duncan alizungumza vizuri, hilo nitampa. Alisema taifa ni nyumba, na mwenye nyumba ndiye anayejua afungue mlango lini na kwa nani. Alisema mtu aliyewadai Waafrika haki yao Afrika, wakati kufanya hivyo kulimharibia kwa wakubwa wake, hawezi kuwa mbaguzi. Alitaka tu kila taifa liwe huru katika nchi yake, Wakenya kwao na Waingereza kwao, na humo hakuna kujipinga. Alisema tumemhukumu kwa hotuba moja nusu karne nzima. Halafu akanyoosha mkono kuelekea kwa babangu, akasema ushahidi huu hapa, una miaka sitini na mitano, umekaa mbele yenu.

Watu wakapiga makofi. Wengine walicheka kidogo, kicheko kile cha watu wema walioona kitu cha kupendeza. Nikaishika firimbi yangu, nikaona kwamba hotuba yote niliyoandaa ilikuwa kazi bure. Nitapuliza tu, kama tunavyopuliza barabarani, ili mji mzima ujue nani ameingia. Nikaitia mdomoni.

Baba alisimama bila karatasi. Alisema kwa Kiingereza chake cha darasani, nami nayaandika hapa kwa Kiswahili. Alianza na mfereji wa Hola na jua la Hola, na yale maji ambayo serikali ilisema ndiyo yaliyoua. Akataja majina ya wawili kati ya wale kumi na mmoja, waliolala kibanda kimoja na Babu. Akainua mkono wake wa kushoto mpaka kidevuni akauacha hapo, ili waone Babu alivyokuwa akinyoa ndevu.

"Enoch Powell alisema kweli juu ya wafu wetu," akasema. "Baba yangu alimshukuru kwa kitu alichokipenda kuliko vyote, yaani mimi. Hilo silifuti, hata kwa ajili ya binti yangu aliyekaa kule nyuma na firimbi mdomoni."

Vichwa viligeuka. Dakta Duncan alikuwa amekwisha kuinua viganja ili apige makofi.

"Sijamaliza," akasema Baba. "Dakta hakuniuliza habari ya mwaka 1968, kwa hiyo nitamwambia bila kuulizwa."

Akasema mwaka huo alikuwa na miaka saba. Mkabala na soko la Meru kulikuwa na duka la Mhindi mmoja, Bwana Velji, aliyezaliwa Meru na kukijua Kimeru kuliko mchungaji. Uhuru ulipokuja Velji aliogopa kuchukua uraia wetu, akabaki na pasipoti ya Kiingereza. Halafu serikali yetu ikatangaza kwamba wasio raia watanyimwa leseni za biashara. Velji akasema basi, nitakwenda Uingereza, si pasipoti ninayo. Machi Uingereza ikapitisha sheria ya haraka kuwafungia mlango Wahindi wa Kenya wenye pasipoti zake yenyewe, na mmoja wa waliopiga kelele ufungwe alikuwa Enoch Powell.

"Baba yangu alisomewa hilo pia," akasema, "kwenye gazeti, na mwalimu yuleyule. Mnadhani alilia? Alifurahi. Alisema rafiki yangu amenena tena, kila mtu kwao. Leseni ya duka lile aliipata yeye."

Nilikuwa bado na firimbi mdomoni.

"Jioni moja Velji alikuja nyumbani kwetu, amevua kofia. Aliomba vyumba viwili vya nyuma ya duka, yeye na mke wake na binti yao, mpaka London iwaruhusu kuingia. Vyumba vyake mwenyewe, alivyovijenga. Na baba yangu, aliyevunjwa bega Hola, aliyeipenda haki mpaka akambatiza mwanawe kwa jina la mtetezi wake, alimwambia, 'Nipe siku mbili nifikirie.' Hakufikiria. Wiki ya pili nilimkuta Velji kituo cha basi amekaa juu ya sanduku. Alinipa kipande cha sukari guru, kama alivyokuwa akinipa siku zote. Sikumwona tena."

Nipe siku mbili. Mama alikuwa akipenda kusema nyani haoni kundule, na miaka yote nilidhani anamsema Baba.

Baba hakuwa akinitazama mimi. Hakujua chochote kuhusu chumba cha mashuka, sikuwa nimemwambia. Alikuwa akimtazama Dakta Duncan, na sauti ilikuwa imempanda, na ndipo nilipoona kwamba mzee huyu ambaye siku tatu nilimwona kibaraka alikuwa na hasira kuliko mimi, ila yake ilikuwa imesubiri miaka hamsini na kitu.

"Ule ubao wa duka ulipakwa rangi juu ya jina la Velji," akasema. "Picha yake iko nyumbani kwa binti yangu. Ukisogea karibu, herufi zake bado zinaonekana chini ya zetu. Mimi nilisoma kwa duka lile. Yeye pia. Dakta, unasema Enoch Powell hakujipinga. Nakubaliana nawe, hakujipinga. Alitutakia haki, mradi tukae mbali naye. Baba yangu akajifunza kwake vizuri sana. Kwa hiyo andika kwamba aliwatetea wafu wetu, na andika kwamba alimfundisha baba yangu kumfukuza jirani. Yote mawili, ukurasa mmoja. Ukiandika moja, picha yangu usiitie."

Hakuna aliyepiga makofi. Mama mmoja wa Kihindi, aliyekaa mstari wa pili na koti lake magotini, alitoa leso. Dakta Duncan alikohoa, akasema bila shaka historia ina sura nyingi, halafu, kwa kuwa watu wa aina yake hawawezi kuacha neno la mwisho lipite, akamuuliza Bwana Gitonga kama sasa anafikiria kuliacha jina hilo.

"Niliache nimwachie nani?" Baba akamjibu. "Ni langu. Yeye alilivaa miaka themanini na mitano, mimi nimelivaa sitini na mitano na bado natembea. Aprili nahojiwa, kisha naapishwa nalo, Mungu akipenda. Nataka liingie kwenye orodha ya wageni waliokaribishwa."

Hapo walicheka, na sasa walipiga makofi kweli. Mimi nilikuwa nimekwisha kutoka.

Nilisimama kwenye ukumbi mdogo wa nje, karibu na mashine ya kahawa, nikampigia Bernardine. Nilipanga maneno. Njooni leo, nilitaka kumwambia, njooni sasa hivi, chumba changu ni chenu, mimi nitalala sebuleni chini ya picha ya babu yangu. Simu iliita muda mrefu. Alipopokea nilisikia gari, na sauti ya Shekinah ikilalamika kwa Kiingereza kwamba ana njaa.

Nikamwambia, kwa haraka, kwamba waje. Nikasema mzee amekubali. Hata wakati huo nilidanganya, maana mzee alikuwa bado jukwaani na hakuna aliyemuuliza lolote.

Bernardine ni mtu mpole. Hata wagonjwa wanaomtemea mate huwaita papa na maman.

"Tulitokaka lundi, dada," akasema, yaani Jumatatu. "Tulishapata fasi. Usihangaike juu yetu. Mulikuwa na mambo yenu."

Ningefurahi angenitukana. Nilitaka aniambie nilivyo, kwa Kiswahili chake, kwa Kifaransa, kwa lugha yoyote, ili na mimi nipate la kujibu. Lakini aliniombea baraka, akanitumia salamu za Munyaneza, akasema betri inakwisha.

Watu walianza kutoka ukumbini. Walinipita wakimzungumzia babangu, jinsi alivyomnyoosha Mwingereza yule, na mmoja akanipongeza kwa kuwa na mzazi kama huyo. Nilitaka kumpiga kofi. Hasira ilikuwa palepale ilipokuwa asubuhi, haikupungua hata tone, ila sasa ilikuwa imekosa mtu mwingine wa kumwendea.

Baba alitoka wa mwisho, ameshika kofia yake ya sufu. Nadhani alitarajia nimsifu, au nimwombe radhi kwa lile neno la mezani. Alinitazama usoni akauliza nilikuwa nikiongea na nani. Nikamwambia. Nilimwambia yote, chumba cha mashuka, siku mbili, siku tisa, na Aprili yake niliyoiogopea bila kumuuliza.

Nilingoja anigombeze. Alivaa kofia, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akapapasa kadi yake mfukoni.

"Sasa wako wapi?" akauliza.

Nikasema sijui. Sikuwa nimeuliza.